Ute Uliofunika Gari: Je, Samaki Huyo ni Jamaa wa Kambale Wetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuza samaki hapa Ggaba. Mwanangu aliyeko sekondari alinionyesha katika simu picha ya gari dogo lililofunikwa na ute mweupe mzito huko Oregon, Marekani, akasema kwamba ni ute wa samaki na kwamba wazungu wanataka kuugeuza nguo. Kwa miaka mingi nimemsugua kambale kwa majivu ili kumwondoa utelezi, na kamongo naye namfahamu, lakini ute wa kufunika gari sijauona. Je, ni kweli? Samaki huyo anaweza kufika katika ziwa letu? Na ute huo huondolewaje?
Mama muuza samaki, Ggaba

JIBU: Mama, mwanao hakukudanganya. Tarehe 13 Julai 2017, karibu na mji wa Depoe Bay katika jimbo hilo la Oregon, lori lililobeba takriban kilo 3,400 za hagifishi walio hai, ambao walikuwa wasafirishwe hadi Korea Kusini kwa ajili ya kuliwa, lilimwaga mzigo wake barabarani. Samaki hao wakishtuka hutoa ute, na siku ile walikuwa na kila sababu ya kushtuka.

Ziwani kwetu hawezi kufika. Hagifishi huishi baharini, wengi wao katika vilindi vya maji baridi, na damu yake ina chumvi karibu sawa na maji ya bahari yenyewe, kwa hiyo ukimtia Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, atakufa. Wala si jamaa wa karibu wa kambale, au wa kamongo, ambaye Waganda humwita emmamba, jina linalomtisha Mswahili mgeni anayedhani ameandaliwa mamba. Hagifishi ana umbo refu kama mkunga, hana taya wala magamba, na hula mizoga. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyevipanga viumbe katika makundi, alimworodhesha mwaka 1758 pamoja na minyoo, na ukimtazama samaki huyo usoni huwezi kumlaumu sana.

Tofauti kubwa imo ndani ya ute wenyewe. Ute wa kambale ni utelezi mtupu usio na nyuzi, ndiyo maana majivu yako huushinda. Hagifishi ana safu ya tezi ubavu huu na safu nyingine ubavu ule, na kila tezi ina seli za aina mbili: zile zilizojaa kamasi, na zile ambazo kila moja imebeba uzi mmoja wa protini, mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa kama uzi wa cherehani kwenye bobini. Seli hiyo haifiki hata milimita moja, lakini uzi wake ukikunjuka hufikia sentimita 10 hadi 15. Adui anapouma, kamasi na nyuzi hutoka pamoja, na katika muda usiofika nusu sekunde nyuzi hizo hufumuka na kuyanasa maji kama wavu. Zaidi ya asilimia 99.99 ya ute unaopatikana ni maji ya bahari tu, na samaki mmoja anaweza kuijaza ndoo.

Bila shaka umewahi kupika bamia, au mlenda. Ukiinua kijiko, ute huvutika, kisha hukatika. Ute wa hagifishi haukatiki hivyo, kwani ukiuchota kwa mkono huinuka mzima kama shela iliyolowa, huku maji yakichuruzika katikati ya vidole. Sasa fikiria shela hiyo imejaa katika matamvua ya papa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha picha za video kutoka bahari ya Nyuzilandi, zikionyesha papa akimng'ata hagifishi, kisha akimwachia upesi huku kinywa chake kikining'inia ute, naye hagifishi akiendelea na chakula chake.

Kuhusu nguo, nakushauri usiuze magauni yako ya gomesi bado. Nyuzi zenyewe ni imara kweli: protini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya kucha na nywele zetu, na zikivutwa zikiwa majini kisha zikakaushwa, hukaribia hariri kwa nguvu. Douglas Fudge wa Chuo Kikuu cha Chapman, California, ni mmoja wa waliozichunguza kwa miaka mingi. Ugumu ni kwamba hagifishi hakubali kuzalishwa na binadamu kama tunavyozalisha ngege (sato) katika mabwawa, kwa hiyo watafiti wa jeshi la majini la Marekani walichukua jeni za protini hizo, wakazipandikiza katika bakteria, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba wamefaulu kuzitengeneza katika maabara. Wao hawakuwa wakiwaza shati, bali vitu kama kinga ya wapiga mbizi dhidi ya papa.

Umeuliza pia juu ya kuuondoa. Kule Oregon walitumia tingatinga na mipira ya maji ya zimamoto. Hagifishi mwenyewe, ambaye ute wake unaweza kumziba pumzi, hujifunga fundo mkiani, akalisogeza fundo hilo hadi kichwani huku likikwangua ute wote, kisha hupiga chafya kuzibua tundu lake moja la pua.