Inueni Matandazo Kabla ya Mwezi wa Saba: Kwa Mnaoanza na Miche ya Parachichi

Kila mwaka masika yakishakwisha na ukungu ukaanza kukaa huku Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hadi jua la saa nne, mimi hupita kwenye mashamba ya vijana waliochukua miche kitaluni kwetu, na kila mwaka hukuta kosa lile lile limefanywa kwa bidii ile ile. Mche wa parachichi aina ya Hass wa mwaka wa kwanza umerundikiwa mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba hadi shingoni, nje umefungwa kiroba ili usipigwe na baridi, na mwenye shamba amesimama kando akisubiri sifa. Huwa simsifu. Humwomba ainue matandazo yale mbele yangu, na mara nyingi wa kwanza kutoka ni panya.

Kupima mashimo, kuchanganya samadi na kumwagilia mnajua, na wengine kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha Hass juu ya mche wa kienyeji, mnafanya vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo nitasema tu yale yanayowapata miezi ya baridi, kwa mpangilio huu, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba mpangilio wangu haudumu.

1. Eleweni kwanza kwa nini panya husumbua zaidi kati ya Juni na Agosti. Panya shamba huanza kuzaliana mvua zinapoleta majani na mbegu. Jike hubeba mimba kwa takriban wiki 3 tu na anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mahindi yanapokomaa ukoo wake tayari umejaa shambani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi, na mkulima yeyote wa tambarare za Hai anaweza kuwathibitishia walichokiona. Kisha mnavuna. Mahindi yanakwenda ghalani, majani yanakauka, na panya wote wale wanabaki bila chakula wala kitu chenye majimaji, isipokuwa ganda bichi la mche wako, ambao wewe mwenyewe umeuwekea nyumba yenye joto. Wenzetu wa nchi za theluji hupoteza miche ya tufaha kwa namna hii hii, kwa sababu panya wao hutafuna chini ya theluji ambako hakuna anayewaona. Theluji yetu iko Kibo na haishuki, lakini matandazo yaliyorundikwa yanaifanya kazi hiyo kikamilifu.

2. Matandazo yasiguse shina. Acheni duara tupu la angalau sentimeta 30 kuzunguka shina, udongo uonekane, na kuanzia hapo kwenda nje tandazeni mpendavyo, kwa kuwa mizizi ya parachichi inayonyonya chakula iko juu juu na inayahitaji kweli.

Hili ningeweza kuliacha katika sentensi hizo mbili, lakini kila nikilisema kwa ufupi vijana huitikia "sawa mzee" na kesho yake wanarundika tena, kwa hiyo acheni niwaeleze lilivyonigharimu. Nilipokuwa naanza, kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alinikabidhi kipande chake cha shamba kilichoko chini ya vihamba, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba, akawa anatuma fedha za miche, za maji na za kibarua. Mimi niliyekuwa nimetoka kusoma mafunzo ya bustani niliona nimepata mahali pa kuonyesha ujuzi. Mwezi wa sita niliifunika miche yote kwa mabua, nikaipandisha hadi kwenye kiungo cha kubebeshea, nikashindilia kwa mguu ili upepo usiyapeperushe. Majirani walisimama barabarani wakapongeza. Kaka alipopiga simu kuuliza miche inaendeleaje nilimjibu, "Ni ya kijani kabisa, kaka," na sikusema uongo, kwa kuwa ilikuwa ya kijani.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Maji hupanda kutoka mizizini kwa kupitia mti wa ndani, na chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa kupitia ganda. Panya akilitafuna ganda lote kuzunguka shina bila kuugusa mti wa ndani, majani huendelea kupata maji na kubaki ya kijani kwa wiki nyingi, huku mizizi ikifa njaa chini kimyakimya. Mimi niliikagua miche kwa kuyatazama majani nikiwa nimesimama njiani, mikono mfukoni. Vuli ilipokaribia, miche iliyopaswa kutoa machipukizi mapya ikaanza kuwa ya njano. Nikaamua kwamba ni ugonjwa wa kuoza mizizi, nikanunua dawa ya kuvu kwa fedha za kaka. Haikusaidia, nikaongeza mbolea ya CAN juu yake. Siku nilipopiga magoti hatimaye na kuyafungua mabua ya mche mmoja, nilikuta kiota cha nyasi laini kimeegemea shina, vitoto vyekundu visivyo na manyoya vimelala ndani yake, na juu kidogo ya udongo ganda limeondolewa duara zima, mti wa ndani uko wazi, umejaa mikwaruzo ya meno iliyopangwa miwilimiwili. Nilifungua mche wa pili, wa tatu, nikaendelea na mstari mzima mpaka giza likaniondoa shambani.

Kaka alikuja Krismasi, kama ilivyo desturi yetu, na asubuhi yake ya kwanza alitaka kuona shamba. Nilikuwa nimejiandaa. Miche mingi ilikuwa imechipua upya kutoka chini, machipukizi yenye afya, nami nikamwonyesha na kumwambia kwamba imejiokoa. Alifurahi, na mimi nilifurahi kuliko yeye, na kwa miaka iliyofuata niliitunza miche ile kwa moyo wa mtu anayelipa deni. Sikuwa nimejiuliza swali ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza kitaluni angeuliza: yamechipua chini ya kiungo au juu yake? Panya alikuwa ametafuna karibu na udongo, chini ya kiungo, kwa hiyo kikonyo cha Hass kilikuwa kimekufa chote na kilichochipua kilikuwa ule mche wa kienyeji uliobeba kikonyo. Miti ilichelewa kuzaa, na ilipozaa ilitoa maparachichi ya shingo ndefu, ganda laini, kokwa kubwa. Mnunuzi wa Hass alilishika moja, akalibonyeza, akaniuliza kwa upole kama nina shamba jingine. Kaka hakugomba. Aliniambia tu kwamba kwa fedha zile angeweza kununua maparachichi ya kienyeji sokoni Kwa Sadala maisha yake yote.

3. Kinga bora ya shina ni waya wa kahawa, ule wa vichanja vya kuanikia. Wavu wa kuku una matundu makubwa na panya mdogo hupita humo bila kusita. Kateni kipande cha kufika magotini, kiviringisheni kiwe bomba pana kuliko shina, fukieni ukingo wa chini kina cha vidole vinne, na muulizeni mwenye vichanja vya zamani kabla ya kununua mpya. Bomba hilo lisibane. Kijana mmoja hodari sana wa Kibosho alilikaza kwa waya wa kufungia mpaka likashikana na ganda, akalisahau, na mwaka wa pili shina liliponenepa waya ukaingia ndani na kulikata duara zima, yaani aliifanya kazi ya panya kwa mikono yake mwenyewe na kwa gharama zake. Nailoni ya kubebeshea nayo iondolewe kiungo kikishashika. Nimechoka kuikuta kwenye miche ya mwaka mzima.

4. Sumu ya panya inayouzwa barabarani katika vipakiti visivyo na maandishi msiilete shambani, kwa maana hujui ni nini, na watoto na kuku hawajui kabisa. Hata ile ya dukani huua zaidi ya uliyemkusudia, kwa kuwa panya aliyeila hujikokota nje na kuliwa na paka au bundi. Najua habari za bundi ni ngumu kwetu. Bibi jirani aliwahi kunisimamisha asubuhi, na hata kabla sijamaliza shikamoo akasema, "Marahaba mwanangu, yule ndege wenu amelia tena usiku, ukateni huo mgrevilea." Nilimweleza kwa heshima kwamba ndege yule anakula panya wanaomaliza mahindi yake ghalani. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi mwambieni ale bila kelele." Mgrevilea haukukatwa.

5. Mtego wa ndoo yenye maji, na juu yake chupa inayozunguka kwenye waya iliyopakwa karanga za kusaga, hunasa panya wengi kwa usiku mmoja kuliko mtego wa kubana. Uwekeni pembeni mwa shamba, na mfunike ndoo mchana kwa ajili ya vifaranga.

6. Msichanganye panya na wengine. Mchwa huacha tope kavu juu ya ganda, mbuzi huvunja ncha, na panya huacha alama za meno kwenye mti safi. Fuko ni habari nyingine kabisa, kwa sababu yeye hula mizizi kutoka chini na waya wenu wote hautamzuia. Mche ukilala upande bila sababu, ukaushika nao ukang'oka bila kupinga, tafuteni marundo mapya ya udongo jirani. Fukueni njia yake na kuiacha wazi. Mkikuta baadaye ameiziba, yumo. Kutega ni kwa kitanzi na fimbo inayopindwa, na nakiri hodari wa mtego huo ni mameku, yaani wazee, wa vihambani kuliko mimi, basi nendeni kwao, muwapelekee sukari, na mtazame mikono yao badala ya simu zenu.

7. Mkikuta mche umeshatafunwa, msiung'oe kwa hasira. Jeraha likiwa bichi na limeacha hata kipande cha ganda upande mmoja, lifungeni nailoni ya kubebeshea lisikauke, ondoeni matandazo, na mche mara nyingi utapona. Likiwa duara zima lakini liko juu ya kiungo, kateni chini ya jeraha mkiacha jicho la Hass hapo juu ya kiungo, nalo litachipua. Likiwa chini ya kiungo, acheni chipukizi moja la kienyeji likue lifike unene wa penseli, kisha libebesheni upya. Na tangu siku hiyo lifungeni kitambaa cha alama ili ajaye asilione likiwa na afya akaridhika.

Wale mnaoniuliza kila mara kama kupaka chokaa kunazuia panya: chokaa huzuia jua lisiunguze shina, na kwa hilo pakeni. Panya nimemkuta akiwa na chokaa masharubuni.