Ukimleta kasuku, mlete na kome

Naombwa mara kwa mara kuzungumza na watoto wetu wa Afrika Mashariki hapa Scotland kuhusu viumbe walio hatarini kutoweka. Nikianza na kasuku wa kijivu, ukumbi wote ni wangu. Mjomba alikuwa naye Kigoma, kaletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alikuwa akipiga hodi, mke wa mjomba anaenda mlangoni, hakuna mtu. Watoto wanacheka. Nikihamia kwa kome lulu, mnyama wa makombe mawili anayeishi chini ya mito ya huku, macho yanarudi kwenye simu.

Kosa langu lilikuwa kuwaonyesha picha. Picha ya kome ni kama picha ya jiwe. Siku hizi nabeba mitungi miwili ya kioo. Kome lulu mwenyewe haguswi, sheria ya Uingereza inamlinda kikamilifu tangu 1998, kwa hiyo nanunua kome wa baharini walio hai. Nachota maji ya bahari, nayatia hamira kidogo yawe meupe, kome nawaweka mtungi mmoja tu. Mara ya kwanza nilitumia maji ya bomba. Wakajifunga makombe yao, nikabaki naongea kama mganga aliyekimbiwa na mizimu. Kwenye maji ya chumvi, maji ya mtungi wao yanaanza kuwa maangavu huku ya mwingine yakibaki vilevile. Hapo ndipo nasema kome lulu mkubwa mmoja huchuja kama lita 50 kwa siku.

Ukiwalinganisha, achana na uzuri, zungumzia uzazi. Kasuku anataka tundu kwenye mti mkubwa, na asitegwe. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Kome kazi yake ni ngumu zaidi. Vichanga vyake hung'ang'ania matamvua ya samaki aina ya samoni au trauti kwa miezi, halafu hujizika kwenye changarawe. Tope likiziba changarawe, vinakosa hewa. Wazee wanabaki, wengine wanapita miaka 100, na mpita njia anaona mto umejaa kome kumbe ni kijiji cha vikongwe watupu. Kasuku wa mjomba naye ndiyo hivyo: aliishi miaka na miaka akila karanga, msitu haukupata kinda hata moja kwake.

Mkimaliza, hesabu kome wako. Mtoto mmoja aliwaficha wawili mfukoni akawaachie mtoni kwa huruma, na maji yale yasiyo na chumvi yangewaua.