Tokikonveta ya bei nafuu unapobadili injini: pima kabla ya kulipa

Tokikonveta, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi ya otomatiki kwa kutumia oili, ni ya gia boksi, si ya injini. Shingo yake huzungusha pampu ya oili, na ndani yake kuna meno ya shafti ya kuingilia na meno ya stata (gurudumu la katikati linaloelekeza oili). Vyote vitatu lazima vilingane na gia boksi. Kinachofuata injini ni flaiwili ya otomatiki, ile nyembamba ya bati. Konveta na upande wa injini hukutana sehemu mbili tu: kwenye bolti za kuzunguka za flaiwili, na kwenye kichomozo cha katikati kinachokaa nyuma ya krenki. Kichomozo kikilegea hata kidogo, konveta huzunguka nje ya mhimili na sili ya pampu haitadumu.

Kwa hiyo konveta rahisi kuliko zote ni ile iliyokuja na gia boksi yake. Ukienda kwenye vipuri vya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), ulizia injini, flaiwili, konveta na gia boksi zilizotoka kwenye gari moja. Muuzaji akikupunguzia bei ili abaki na flaiwili, kataa. Kwenye gia boksi za Toyota za ukoo wa A340, kengele ya mbele (ganda linalofungwa kwenye injini) hufunguka kwa bolti, na ndiyo maana mafundi huchanganya vipande kirahisi. Kuingiliana si kulingana.

Jambo la pili ni mizunguko ya kukwama, yaani mwendo wa juu wa injini ukiwa umekanyaga breki na mafuta kwa pamoja, gari likiwa kwenye D. Namba hii haijachongwa kwenye konveta. Inategemea nguvu ya injini ya kuzungusha (torki, inayopimwa kwa Nm), na hupanda kwa kipeuo cha pili cha nguvu hiyo. Konveta inayokwama kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika nyuma ya injini inayotoa Nm 185 itafika karibu 2,850 ukiiweka nyuma ya injini ya turbo ya Toyota, 1JZ-GTE VVT-i, yenye Nm 378. Unaweza kuwa umepata konveta ya "mbio" bila kulipia chochote. Ubaya wake ni joto: gari la kupanda milima au kubeba mzigo litapika oili. Kinyume chake, konveta ya dizeli imetengenezwa kukwama chini, kwa hiyo ikifungwa kwenye petroli ndogo gari huondoka kizembe, na kila mtu atalaumu injini.

Konveta iliyotumika ikague hivi. Ipindue umwage oili kwenye chombo cheupe: ikitoka vumbi la kumetameta, iache. Pitisha ukucha kwenye shingo inapokaa sili. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja. Shingo yenye rangi ya bluu imeungua. Ingiza kidole kwenye meno ya stata uyazungushe: yanapaswa kwenda upande mmoja kwa ulaini na kukataa upande wa pili. Yakienda pande zote gari litaondoka bila nguvu. Yakikwama pande zote, litagoma kwenye mwendo wa juu na kuchemsha oili. Kuisafisha kwa petroli hakuondoi chembe zilizojificha ndani, hivyo konveta iliyotoka kwenye gia boksi iliyokufa ni ya kupeleka kwa wanaoikata na kuilehemu upya, au kwenye chuma chakavu.

Wakati wa kufunga, mimina lita moja hivi ya ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ndani ya konveta, kisha isukume huku ukiizungusha mpaka isikike ikishuka hatua zake zote. Weka rula juu ya uso wa kengele, pima mpaka kwenye masikio ya konveta, yanapoingia bolti. Halafu pima kutoka uso wa bloku mpaka kwenye flaiwili. Baada ya kuunganisha, pabaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 hivi, ndipo uivute konveta mbele uifunge. Nafasi ikikosekana, konveta ikivimba kwa joto itasukuma krenki na kula beringi yake ya pembeni. Ikizidi sana, shingo inashika pampu juu juu tu. Na kama gia boksi haigusi injini kwa nguvu ya mikono, usivute kwa bolti. Hapo ndipo pampu hupasuka, gari halijawashwa bado.

Tumia bolti za urefu ule ule. Bolti ndefu hubonyeza bati la konveta kwa ndani, mahali inapokaa klachi ya lokapu (inayofunga konveta izunguke pamoja na injini), na baadaye utasikia mtetemo kwenye mwendo wa barabara kuu usiojua umetoka wapi.

Fedha uliyookoa nunulia kipoza oili cha nje, na badili au safisha mabomba ya zamani. Jaribu kukwama oili ikiwa moto, nyuzi 50 hadi 80, usizidishe sekunde 5 kwa mara moja, na uiache injini ipumue kwenye N kabla ya kurudia.