Nimtilie mume wangu unga kwenye chai?

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu anavua dagaa hapa Kibirizi. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi inakaa, naye anashinda kwenye gongo mpaka hela ya ada inaisha. Kuna mama anauza unga wa kumtilia mlevi kwenye chai bila mwenyewe kujua, na anasema wengi wameacha. Nimtilie?
Mama wa wanne, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimtilie.

Muulize huyo mama: je, wasiopewa unga, wangapi walipunguza pia? Ukianza kumtilia mwezi ukiwa mpevu, baada ya wiki moja giza la kuvulia dagaa limerudi, mumeo yuko ziwani na gongo imepungua. Unga utasifiwa kwa kazi iliyofanywa na giza. Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: hawa wanapewa dawa, wale kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu, na mgonjwa hajui amepata kipi.

Naltreksoni, dawa ya hospitali inayopunguza hamu ya pombe, imepita kwenye mizani hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2023 ulikusanya majaribio 118 ya dawa za ulevi, yenye watu karibu 21,000. Kila watu 11 wakimeza naltreksoni miligramu 50 kwa siku, mmoja zaidi anaepuka kurudia ulevi wa kupindukia kuliko wakimeza kidonge kitupu. Wapo watakaosema ni kidogo. Mimi ningempa ndugu yangu wa damu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliiweka, pamoja na dawa nyingine ya ulevi iitwayo akamprosati, kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kinachonitisha ni kwamba unga huo wa kwenye chai unaweza kuwa na dawa iitwayo disulfiramu. Anayeimeza kisha akanywa pombe huwaka uso, moyo humwenda mbio, hutapika, presha hushuka, na anaweza kufa. Dawa hiyo hufanya kazi kwa woga: mtu haigusi pombe kwa sababu anajua yatakayompata. Kwenye majaribio ambayo mgonjwa hakujua amemeza nini, faida yake haikuonekana. Kwa hiyo ukimpa kwa siri unabaki na hatari tupu.

Zungumza naye asubuhi akiwa hajanywa, kisha mwende wote hospitali ya Maweni. Daktari apime ini, na mumtajie dawa za maumivu anazotumia, hasa tramado, kwani haipatani na naltreksoni. Wala msimfungie ndani aache ghafla. Akitetemeka, akiona vitu visivyokuwepo au akipata degedege, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.