Dai la bima huanza boksi likiwa bado wazi

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye meza ya kufunga mizigo, karibuni. Nimekaa kwenye meza hii miaka tisa, hapa Arusha, mwendo mfupi kwa mguu kutoka Mnara wa Saa. Tunatuma vinyago, michoro ya Tingatinga, vitenge, na kahawa inayotoka Moshi ikiwa imeshakaangwa. Mizigo mingi hufika salama. Nataka niwaambie habari ya ile michache isiyofika salama, maana hapo ndipo watu wanapoteza hela waliyokuwa na haki nayo.

Dai langu la kwanza lilinishinda. Kilikuwa kinyago cha mpingo cha mtindo wa ujamaa, watu saba wamebebana, kinakwenda Ujerumani. Mteja akaniandikia usiku: mtu wa juu kabisa amekatika shingo. Nikamwomba picha, akatuma moja tu, kichwa kimelazwa mezani kando ya kikombe cha chai. Kampuni iliyosafirisha ikataka kuona boksi. Boksi lilishakwenda na gari la taka. Ikataka picha za namna nilivyofunga, sina. Ikataka risiti ya bei, hiyo ninayo, lakini bei yake haikulingana na ile niliyojaza kwenye fomu ya forodha. Jibu lao lilikuwa la mistari mitatu, na sikuwa na la kubisha.

Tangu hapo kila mzigo naupiga picha nne. Ya kwanza ni kitu chenyewe kikiwa kizima, kimesimamishwa mezani. Ya pili kimeshazungushiwa plastiki ya mapovu ya hewa, kimekaa katikati ya boksi, na pande zote panaonekana nafasi ya kujaza maranda au karatasi zilizofinyangwa. Ya tatu boksi limejaa, kabla sijalifunga. Ya nne boksi limefungwa, limekaa juu ya mizani, uzito unasomeka na namba ya ufuatiliaji inasomeka. Hii ya nne msiidharau. Kuna pakiti za kahawa zilizotoka hapa zikiwa kilo 4.2, zikapokelewa kilo 3.6. Boksi kwa nje halikuwa na kovu, kumbe chini, kwenye kiungio, lilikuwa limefunguka na kubandikwa tena kwa selotepu isiyo yetu. Hatukubishana na mtu. Tuliweka namba mbili za uzito pamoja na picha ya ile selotepu ngeni, tukalipwa.

Na fungeni kama mtu anayejua boksi litaanguka, kwa sababu litaanguka tu. Sababu ninayokutana nayo mara nyingi dai linapokataliwa ni ufungaji hafifu. Kuandika "VUNJIKA" kwa makapeni pande zote sita si kufunga. Kabla ya kuweka selotepu ya mwisho, litikise boksi taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, lifungue uanze upya.

Sasa thamani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo majaribu yalipo. Mteja atakuomba kwa upole: "Andika dola ishirini tu, nisitozwe ushuru." Maombi haya yameongezeka tangu Agosti 2025, Marekani ilipoondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Umoja wa Ulaya nako, tangu Julai 2021, kodi ya ongezeko la thamani inatozwa hata kwa kifurushi cha bei ndogo. Unamwelewa mteja. Lakini ile CN23, fomu ya forodha ya posta, unayojazia bei ya uongo ndiyo hiyo hiyo itakayowekwa mezani siku ya kudai. Ukiandika dola 20, kitu chako kimekuwa cha dola 20. Huwezi kugeuka baada ya kuvunjika ukasema kilikuwa cha 240, na ukisema hivyo umekiri kwa maandishi kwamba ulidanganya forodha. Mimi humjibu mteja hivi: "Naandika bei iliyo kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kwa bei hiyo hiyo nitakupigania kikivunjika." Wengi hukubali. Asiyekubali, mwacheni anunue kwingine.

Kukata bima ya nusu bei ili kubana gharama nako kuna hasara ambayo wageni hawaioni. Tuseme mzigo una thamani ya shilingi 600,000, wewe umekatia bima ya 200,000. Umeharibika kiasi cha 300,000. Unadhani utapata 200,000 yako yote? Kwenye mikataba mingi hupati. Kampuni ya bima itasema ulikata theluthi moja, kwa hiyo inakulipa theluthi ya hasara, yaani 100,000. Na bado inaweza kupunguzwa, ukitoa kile kiasi ambacho mkataba unasema unakibeba mwenyewe. Kasomeni mkataba, hasa ukurasa wenye maandishi madogo kuliko yote.

Halafu kuna jambo linalochanganya hata wakongwe: wajibu wa msafirishaji si bima. Mzigo uliokwenda kwa ndege kama shehena, bila bima, unaangukia Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo. Humo kikomo cha fidia kinahesabiwa kwa uzito, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani yake ni zaidi ya dola moja ya Marekani. Kwa hiyo kinyago cha kilo tatu kina kikomo cha SDR 78, hata kama fundi alikichonga miezi miwili. Kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo, na kulipia nyongeza, au kukata bima pembeni, ndiyo njia ya kuvuka kikomo hicho. Tena malalamiko ya uharibifu yafike kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mzigo upokelewe. Simu haihesabiki, hata kama aliyepokea alikuwa mkarimu.

Vifurushi vya posta mkataba huo hauvihusu. Vina kanuni zake, za Umoja wa Posta Duniani ulioanzishwa 1874, ndiyo maana karani wa hapa na karani wa Berlin wanasoma fomu ya aina moja. (Wa Afrika nzima makao yake yako hapa hapa Arusha, PAPU, kwenye lile jengo refu lililozinduliwa Septemba 2023. Wageni hudhani ni hoteli.) Kwa posta, ulizo la kifurushi hupokelewa ndani ya miezi sita tangu kesho yake ya siku ya kutuma, na kwa kawaida anayelifungua ni mtumaji, yaani sisi. Risiti ya posta ikipotea, umejitafutia safari ndefu. Wino wake unafifia droo ikipata joto, kwa hiyo ipigwe picha siku hiyo hiyo.

Kuhusu mpingo, jifunzeni kuusoma ufa. Mti unaotoka hapa ukaingia kwenye nyumba ya Ulaya yenye vipasha joto wakati wa baridi unakauka upya, na unaweza kupasuka wenyewe wiki kadhaa baada ya kufika. Ufa wa namna hiyo hufuata nyuzi za mti, umenyooka, mara nyingi huanzia pale weupe wa nje unapokutana na weusi wa ndani, na boksi halina jeraha. Huo hulipwi, bima itasema ni tabia ya mali yenyewe, na kwa kweli hawajakosea. Mvunjiko wa kuangushwa hukata nyuzi, una vibanzi vibichi, na mara nyingi utakuta kona ya boksi imebonyea upande huo huo. Ombeni picha ya mvunjiko na ya kona, zote mbili, zikiwa karibu kiasi cha kuona vibanzi. Na msidai ufa wa ukavu kama mvunjiko. Nilijaribu mara moja, na madai yangu mawili yaliyofuata, ya kweli kabisa, yalichunguzwa kama ya mwizi.

Mzigo uliozuiwa na forodha nao si mzigo ulioharibika. Mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, kwa hiyo mzigo mkubwa wa vinyago ulizieni vibali kabla ya kufunga.

Mizigo ya basi kutoka Dar sina mengi. Risiti nyingi zimeandikwa kwamba mzigo wa kuvunjika ni juu ya mwenyewe. Fungueni pale pale kaunta, mbele ya aliyewakabidhi, na mkikuta chupa imevunjika aandike kwenye risiti na kusaini kabla hamjatoka stendi. Ukishafika nyumbani, habari imekwisha.

Siku mzigo unapotoka, mtumieni mteja ujumbe huu, hata kama mnaona ni kumtisha: "Mzigo ukifika, liangalie boksi kabla ya kusaini. Likiwa limebonyea au limelowa, andika hivyo unaposaini. Piga picha ya boksi pande zote kabla ya kulifungua. Usitupe chochote, hata maranda, hadi nikuambie." Yule wa kinyago cha shingo hakupata ujumbe huu kwa sababu sikumtumia.

Barua ya madai iwe fupi. Namba ya ufuatiliaji, tarehe ya kutuma na ya kupokea, kitu gani, kimeharibikaje, thamani kwa risiti, mnadai kiasi gani, viambatisho vimehesabiwa. Msieleze mlivyosikitika. Kama kitu kinatengenezeka, wekeni bei ya fundi. Kudai bei nzima kwa mkono uliokatika hucheleweshea mtu malipo. Wakikaa kimya, andikeni tena mkitaja tarehe ya barua ya kwanza. Posta au kampuni ya vifurushi ikishindwa kuwajibu, lalamiko linapelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wana ofisi ya kanda hapa Arusha. Kampuni ya bima ikishindwa, ni TIRA, mamlaka ya kusimamia bima. Huko kote swali la kwanza ni kama mlianza kwa mtoa huduma mwenyewe, na kama nakala mnayo.

Mafaili ya madai yako droo ya chini, kushoto. Lile la bahasha ya kahawia lina barua ya mistari mitatu. Anzeni kusoma na hilo.