Kuta Nene za Lamu na Intaneti Inayopita Kwenye Waya wa Stima

Juzi msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia: "Dada, hivi vijiplagi vya kupitisha intaneti kwenye waya wa stima vyafanya kazi kweli, ama ni njia nyingine ya kula pesa zetu?"

Vyafanya kazi. Sasa hivi niko ghorofani, upande wa nyuma wa nyumba ya kale mtaa wa Mkomani, Lamu, na video ninayomtumia mteja inashuka hadi kwenye ruta kwa waya uleule unaozungusha feni yangu. Ningeweza kukomea hapo, lakini jambo hili nina nalo mengi moyoni. Na wewe uliyeuliza najua unataka nini: kulipwa na watu wa mbali bila kuhama kwenu. Sote twataka hilo.

Nianze na nyumba, kwa sababu aliyekulia kwenye nyumba ya matofali hunidhani natia chumvi. Ukuta wa nyumba ya mawe hapa Amu, yaani Lamu, ni matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazifuniki upana unaozidi mita 3 hivi, na kimoja kiko nyuma ya kingine. Ukitoka daka (kibaraza cha mlangoni) waingia kiwanda (ua wa ndani), kisha msana wa kwanza (ukumbi mrefu), msana wa pili, halafu ndani, chumba cha nyuma kabisa. Kila hatua ni ukuta mwingine. Wazee waliojenga walitaka baridi na sitara, wakapata vyote viwili. Waifai ya gigahezi 5 kwetu hufia kwenye ukuta wa kwanza, na ile ya gigahezi 2.4 hujikokota hadi wa pili ikiwa haina nguvu hata ya kufungua barua pepe.

Ruta yetu iko chini karibu na mlango, maana hapo ndipo laini ya mtoa huduma inapoingilia. Mimi nahariri video za harusi na za mahoteli, faili nzito za gigabaiti kadhaa, na kwa muda mrefu nilizituma usiku nikiwa nimeketi ngazini, laptopu mapajani, nikipishana na kila anayekwenda chooni. Mteja mmoja wa ng'ambo tulikuwa katikati ya mkutano wa video, picha ikaganda, sauti ikakatika. Kesho yake akaniandikia kwa ufupi kwamba angependelea mtu "mwenye vifaa vya kazi." Bado yaniuma. Kompyuta yangu ilikuwa nzuri kuliko yake, nina hakika. Kilichokuwa baina yetu ni ukuta uliosimamishwa kabla nyanya ya nyanya yangu hajazaliwa.

Nikaita fundi. Yeye alikuwa na jawabu moja tu: kutoboa kuta zote na kupitisha kebo. Aliyewahi kutoboa ukuta wa matumbawe anajua shida yake. Drili inagonga jiwe gumu, mara inatumbukia kwenye chokaa, na lipu inamwagika kama unga. Isitoshe mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, si pa kutoboatoboa ovyo. Mama alimsikiliza fundi mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akamwambia nyumba haitoboki.

Ndipo nikasoma kuhusu pawalaini, yaani hizo adapta, vijiplagi vya kupitisha intaneti kwenye waya wa stima, nikasema kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba nataka kuijaribu. Shemeji yangu mmoja, ambaye kila mtu humwita akitaka kutengenezewa simu, alinicheka mbele ya ukoo mzima. Stima na intaneti havikai waya mmoja, alisema, na tutaunguza nyumba ya urithi kwa tamaa yangu ya dola. Watu wakaweka vicheko. Sikujibu. Niliagiza.

Shemeji hakujua kwamba stima ya Kenya huja kwa hezi 50, nayo data ya adapta hizi hupanda juu yake kwa masafa ya mamilioni ya hezi. Vifaa vya HomePlug AV, kiwango kimoja cha pawalaini, hutumia takriban megahezi 2 hadi 30, na AV2 iliyokuja baadaye hufika megahezi 86. Zimeachana mno hata hazisumbuani. Feni inapokea yake, adapta inapokea yake. Unachomeka adapta moja karibu na ruta na kuziunganisha kwa kebo fupi ya etheneti (waya wa mtandao), nyingine unaichomeka chumbani na kuiunganisha na kompyuta. Basi.

Siku ya kwanza taa zote tatu ziliwaka kijani na nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: chomeka adapta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Si kwenye ekstensheni, wala kwenye kifaa cha kuzuia stima kubwa, wala kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Vitu hivyo vina vichujio, na kichujio kikiyaona mawimbi ya data huyahesabu kuwa takataka na kuyafuta. Kama soketi ni moja tu chumbani, nunua adapta yenye soketi yake usoni, kisha ekstensheni uichomeke hapo. Ukutani kwanza, narudia, kwa sababu wanaoniambia "zangu hazifanyi kazi" karibu wote huwa wamezitia kwenye ekstensheni.

La pili, usidanganywe na namba ya boksi. Boksi langu limeandikwa megabiti 600 kwa sekunde. Hiyo ni jumla ya kwenda na kurudi, imepimwa pahali pasipo friji wala chaja, na adapta nyingi za bei nafuu zina tundu la etheneti lisilozidi megabiti 100 hata ufanyeje. Mimi nikihamisha faili kati ya kompyuta mbili za hapa nyumbani napata kama megabiti 50. Kidogo? Bando langu la intaneti ni megabiti 30, na zote 30 zafika juu, tena bila kuyumbayumba. Kwa mkutano wa video, kutoyumba ndiko kunakolipa kuliko kasi.

Kelele za waya ni somo lenyewe. Kwangu kasi ilikuwa ikianguka kila baada ya Magharibi na kupanda tena usiku wa manane. Nikazunguka nyumba nikichomoa kitu kimoja kimoja huku ndugu zangu wakinung'unika, mpaka nikamkamata mwizi: chaja ya simu ya bei rahisi iliyochomekwa soketi jirani na adapta. Chaja za namna hiyo, taa mbovu za LED na pampu ya maji hutia kelele kwenye masafa yaleyale. Nilipoihamishia chumba kingine, mambo yakatulia. Ule upepo wa bahari nao haufai. Soketi zetu hushika kutu ndani, na soketi iliyolegea hupoteza mawimbi. Kabla ya kulaumu adapta, jaribu soketi nyingine, ya ukutani.

Halafu kuna mambo ya mita. Nyumba nyingi za urithi zimegawanywa, kaka yuko juu na mita yake ya tokeni, dada yuko chini na yake. Mawimbi yakilazimika kuvuka mita mbili hudhoofika sana, na mara nyingine hayafiki kabisa. Gesti zenye stima ya fezi tatu nazo hivyohivyo, soketi mbili zikiwa fezi tofauti hazionani vizuri. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba mawimbi yanaweza kuchungulia hadi kwa jirani mnayetumia laini moja ya stima. Adapta husimba data, yaani huifunga kwa siri, kwa njia iitwayo AES ya biti 128, ila nyingi hutoka kiwandani na ufunguo mmoja unaojulikana. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye ya kwanza, kisha ndani ya dakika 2 ubonyeze cha ya pili, zitengeneze ufunguo wao. Msijifanye wavivu hapo.

Na hapa niseme lililo kooni. Vijana wetu wa pwani tumezoea kungoja mtu wa Mombasa au Nairobi atuambie kama jambo lafaa. Tunachekwa kidogo kwenye kundi, tunarudisha mkono. Mangapi mmeyaacha kwa sababu ya vicheko vya watu ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja wa maelezo? Soma, jaribu, pima, uwaache wacheke. Shemeji alipokuja Idi aliketi chumbani mwangu, akaangalia mpira kwenye laptopu yangu mpaka mwisho bila picha kuganda hata mara moja, akaondoka bila kusema neno. Wiki iliyofuata alimtuma mke wake aniulize adapta naziagizia wapi.

Sasa wewe wa Malindi. Ikiwa nyumba yenu ni ya mawe ya kukata na saruji, ghorofa moja, usikimbilie pawalaini. Hamisha ruta katikati ya nyumba kwanza, iinue juu, uone. Ikishindikana ndipo ununue, na zote ziwe za kiwango kimoja, maana HomePlug AV na G.hn, kiwango kingine cha pawalaini, haziongei. Hakikisha plagi ni ya pini tatu za mraba kama zetu, kwa kuwa nyingine zimetengenezewa Ulaya na zitakulazimisha kutumia kigeuzi kinacholegea. Mwambie fundi wa stima aangalie pia kama waya wa ardhi umefika kweli kwenye soketi. Baadhi ya adapta za AV2 huutumia kuongeza kasi, na usipokuwepo, intaneti ni shida yenu ndogo. Mwenye duka akikubali umrudishie zikikataa, lipa. Akikataa, nenda duka la pili.