Nipite Law School kwanza, au niende moja kwa moja kwenye sheria ya kimataifa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza shahada ya sheria hapa Dar es Salaam. Nataka niwe mwanasheria wa kimataifa, baadaye nifundishe chuo kikuu. Je, ni lazima nipite Law School niwe wakili, au naweza kwenda moja kwa moja nje kusoma shahada ya uzamili?

Jibu: Marahaba. Kwa kanuni, si lazima. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, haimuulizi anayesimama mbele yake kama jina lake limo kwenye orodha ya mawakili wa nchi yoyote. Kila serikali humsimamisha imtakaye. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, iliyo mji huohuo, ni ngumu zaidi: wakili wa utetezi sharti awe na uzoefu usiopungua miaka 10.

Hata hivyo, mimi nakushauri uende Law School. Migogoro mikubwa ya kimataifa huanzia nyumbani. Soma kesi ya Biwater Gauff, mwekezaji kutoka Uingereza, dhidi ya Tanzania, ambayo chanzo chake ni maji ya jiji hilihili. Mwaka 2005 mkataba wa City Water, kampuni ya mwekezaji huyo, na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ulivunjwa, mwekezaji akakimbilia ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji. Tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ya mwaka 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wake wa uwekezaji na Uingereza, lakini mwekezaji hakupewa fidia hata senti moja, maana kampuni ilikwisha kupoteza thamani kabla. Hoja kama hiyo haijengwi na aliyekariri Mkataba wa Vienna wa sheria ya mikataba tu. Inamtaka mtu anayejua kusoma hesabu za kampuni na kumhoji shahidi. Leo mashauri hayo yako kwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na huko bila Law School huajiriwi kama wakili wa Serikali.

Kufundisha ni habari nyingine. Nafasi za mkufunzi msaidizi vyuo vya umma kwa kawaida hutangazwa na sharti la GPA ya 3.8, kwa hiyo itazame yako kabla ya kuota. Ukishaingia, uzamili, uzamivu na machapisho ndivyo vinavyokupandisha. Uwakili hautakuongezea cheo.

Njia zenyewe hazifanani. Profesa Chris Maina Peter alitoka kufundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaingia Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, yenye wajumbe 34. Jaji James Kateka alipitia diplomasia hadi Mahakama ya Sheria ya Bahari, Hamburg. Chagua tawi lako mapema: bahari, uwekezaji au haki za binadamu. Wanaotaka yote huishia kuandika tasnifu ambazo hata msimamizi anazisoma kwa shida.

Halafu anza Kifaransa sasa hivi, Alliance Française ipo hapo Upanga. Na ukiona tangazo la kozi ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya kimataifa kwa Afrika, ile ya Addis Ababa, omba.